Jina Nililokunywa

Nilikuwa na kiu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo utetezi wangu wote, na utetezi wenyewe ni mdogo. Nilikuwa nimepanda mlima tangu alfajiri kutoka bondeni, kule kwenye mkonge na vumbi, na nilipofika kwenye loji iliyo chini ya maporomoko, mwanamke mmoja alinipokea mlangoni na kikombe cha maji. Alikishika kwa mikono miwili. Alisema, "Karibu, baba. Pokea, umengojwa muda mrefu." Sasa, kwetu bondeni mgeni akipewa maji huyanywa yote kwa pumzi moja. Akibakiza hata tone, amesema kisima cha mwenyeji wake kina matope. Basi nikanywa. Nikakigeuza kikombe juu chini kuonyesha kwamba nimelelewa vizuri, nikapangusa midomo kwa mgongo wa mkono, nikashukuru.

Yule mama alinitazama kama mtu anayeona nguo zake zikichukuliwa na mto.

"Umekunywa?" akauliza.

"Nimekunywa, mama. Maji matamu sana."

"Hukuyasikiliza kwanza?"

"Maji?"

"Ewe Mungu wangu," akasema, akakaa kizingitini. "Ewe Mungu wangu. Ameligugumia."

Aliitwa Mama Namsifu, na ndiye mwenye loji ile. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe na mbao nyeusi, na ukuta wa nyuma uliegemea mlima. Vyumba vyake havikukaa idadi moja: nilipoingia niliona milango michache, nilipogeuka iliongezeka, na nyuma ya kila mlango mtu fulani alikuwa akikohoa kikohozi kilekile. Uani, bomba refu la mianzi lilileta maji kutoka mtoni na kuyamwaga kwenye jiwe lililochimbika. Na juu ya yote, mchana kutwa, ngurumo ya maporomoko, ambayo baada ya muda huisikii tena ila unajikuta unaongea kwa sauti kubwa bila kujua kwa nini. Nilikaa kwenye benchi huku tumbo limejaa maji, nikamngoja mama yule apate pumzi ya kunieleza nimefanya kosa gani.

Lakini kwanza mnijue. Au msinijue, kwa maana hapo ndipo penye shida.

Sina jina. Yaani ninayo mengi, yote ya kuazima. Waliniokota nikiwa kitoto kichanga, juu ya jiwe kubwa mbele ya maporomoko haya, nimefunikwa kanga iliyolowa, na kando yangu hapakuwa na mtu. Mama alikuwa amepanda nami mgongoni na hakushuka. Wengine wakasema aliteleza, wengine wakasema aliitwa. Wachuuzi wa ndizi wakanibeba hadi bondeni, nikapelekwa kwenye nyumba ambayo mtoto wao Sudi alikuwa amekufa, na kwa kuwa kitanda kilikuwa wazi na shati lilinitosha, nikawa Sudi. Baadaye kwenye shamba la mkonge nilichukua nafasi ya mtu aliyekimbia, nikawa Mahimbo, kwa sababu msimamizi hakutaka kujifunza jina jipya. Nilipooa, mke wangu aliniita kwa jina la mchumba wake wa kwanza, na mimi niliitika. Niliitika kila mahali. Sikuwahi kuitwa na nikasikia kitu ndani kikigeuka kutazama. Watu huniambia jina ni sauti tu, mtu ni yuleyule. Hao ni watu wenye majina. Mimi nimeishi ndani ya mashati ya wengine na najua kwamba mtu si yuleyule. Mtu ni yule anayegeuka akiitwa, na asipokuwepo wa kugeuka, basi nani amekula chakula chote kile? Nani amezeeka? Swali hilo ndilo lililonipandisha mlima, pamoja na magoti yangu mabovu.

"Huku kwetu," Mama Namsifu akaanza, akiwa bado kizingitini, "mtoto hapewi jina nyumbani. Mama yake humpandisha kwenye maporomoko, akalisema jina mbele ya maji. Mara moja tu. Hata yeye mwenyewe halisikii, kwa ile ngurumo. Na kuanzia hapo amefungwa mdomo, hatalitamka tena mpaka baba wa mtoto amletee. Maji hulichukua jina yakashuka nalo. Baba hukaa hapo uani, kwenye bomba, anakinga kikombe na kukiweka sikioni, anakinga na kuweka, mpaka jina lifike."

"Na baba asipokuwepo?"

"Jina hupita." Akanitazama. "Baba yako alikuwa marehemu tayari, na mama yako alikuwa na haraka, hakutaka kumwomba mtu amkalie bombani. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa nachambua mboga palepale uani. Siku hiyo jina lako lilipita miguuni pangu likaenda zake baharini."

Nikajisikia vibaya hata kabla hajamaliza. Mwili una akili zake.

"Lakini maji hurudi," akasema. "Hupanda mawinguni, hushuka mvua. Vuli hii nilikinga kikombe cha kuoshea mchele, nikasikia sauti ya mwanamke mwenye hofu. Nikaijua. Nikalitia jina kwenye mtungi, nikafunika, nikaweka mlangoni. Usiniulize ni jina gani. La mwenzio halikai sikioni mwako. Humkalia yule anayelingoja tu. Leo nikaona masikio ya mama yako yanapanda kilima. Nikakumiminia."

"Kwenye kikombe," nikasema.

"Kwenye kikombe, baba yangu. Watu wote wa huku, hata mtoto wa kunyonya, akipewa kikombe mlangoni huweka kwanza sikioni."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia mbele ya mwanamke niliyemjua kwa muda wa kuchemsha chai, na yeye aliniacha nilie, akaenda kuchemsha hiyo chai, akaitia tangawizi nyingi. Aliporudi alisema kwamba kilichonywewa hakijapotea. Kimo ndani yangu. Ila hakitoki popote isipokuwa pale kilipotamkwa mara ya kwanza: nikisimama mbele ya maporomoko nikafumbua mdomo, kitatoka chenyewe. Mimi sitakisikia kwa ngurumo. Lakini yeye atakaa bombani, akiningojea mimi kwa moyo wake wote, na atanipokelea.

"Kesho," nikasema.

"Kesho kutwa. Kesho ni siku ya mtoto wa Kalekwa. Siku ya mtoto ni ya mtoto, baba. Majina mawili hayateremki mto mmoja kwa siku moja, sikio litashika lisilo lake."

Kalekwa ndiye aliyewaongoza wageni wa loji kwenye maporomoko, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye mabuti ya mpira na mdomo usiotulia. Mume wake, Mbonea, alipasua kuni na kupika. Walikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, mnene, ambaye kwa kukosa jina walimwita "huyu". Wakati wa chakula Mbonea alinionyesha kikombe alichokichonga kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa amekisugua mpaka kinang'aa. Tangu mwezi uandame, alisema, haendi kwenye ngoma wala hasikilizi redio, anatunza masikio.

Asubuhi mama mkwe wa Kalekwa, aliyepaswa kumsindikiza, aliamka goti limevimba. Na mama hapandi peke yake. Hiyo ni desturi waliyoianza baada ya mama yangu.

"Mgeni atanisindikiza," Kalekwa akasema. "Si amekuja kupanda? Apande."

"Huyo ana lake tumboni," Mama Namsifu akasema. "Hapana."

"Atafunga mdomo. Si utafunga, mzee?"

"Nitafunga," nikasema. Na nilimaanisha. Naapa nilimaanisha.

Mama Namsifu akaenda kando ya boma, akakata jani la sale, lile jani refu la kijani ambalo watu wa milimani hulichukua wanapokwenda kuomba radhi kwa mtu waliyemkosea. Akanipa. Msindikizaji, akasema, huliuma jani hilo kwa meno tangu anapoyaona maporomoko mpaka anapoyapa kisogo, ili jina la mtoto lisichanganyike na pumzi ya mtu mwingine. Akanishika kidevu kama mtoto. "Siku moja tu," akasema. "Umengoja maisha, huwezi kungoja siku moja?"

Tukapanda. Njia ilipita kwenye migomba, kisha kahawa, kisha mifereji ya maji iliyochimbwa na watu wasiojulikana, kisha msitu. Tope lilikuwa jekundu, halafu jeusi. Mbega walikaa juu ya miti, weupe na weusi, wakitutazama kwa dharau ya wenye nyumba. Mtoto alilala mgongoni mwa mama yake, shavu limebonyea.

"Polepole, mzee," Kalekwa alisema kwenye kona ya kwanza. "Mlima hauhami."

Kwenye tope niliona nyayo mbichi za mwanamke, peku, zikielekea juu. Nikamwuliza ni za nani, kwa kuwa hakuna aliyetutangulia. "Za wanaopanda," akasema, kana kwamba nimemwuliza mvua ni ya nani. Na juu kidogo, kila tulipofika kwenye kona, niliona ncha ya kanga ikiishia kwenye kona inayofuata. Niliharakisha. Magoti hayakuuma. Nilishangaa, nikayapapasa, yalikuwa magoti mazuri, ya mtu anayeweza kubeba gunia.

"Kumbe una mbio, kaka," Kalekwa akasema nyuma yangu, akicheka.

Kaka. Nikatazama mikono yangu. Alama za mkonge zilikuwa zimetoka. Kila kona nilikuwa naacha umri njiani. Nikaacha ujane wangu chini ya mti mmoja mkubwa, nikaacha shamba la mkonge penye daraja la magogo, nikamwacha Mahimbo, nikamwacha yule mchumba wa mke wangu. Niliona raha na niliogopa. Kama yote haya yanavulika kirahisi hivi, yalikuwa yangu kweli? Au yalikuwa yamenikalia tu, na mimi nikayachukulia kuwa ni mimi? Na nani mwenye nguvu, anayeita au anayeitika? Maisha yangu yote nilidhani ni anayeita. Msimamizi aliita, nikaenda. Lakini huenda anayeita ni maskini, ana sauti tu, anangoja mtu mwingine amkamilishie. Mama alisimama juu kule akaniita, na hakuna aliyemkamilishia. Nilimwonea huruma ghafla, na huruma hiyo ilikuwa kubwa kuliko huruma niliyozoea kujionea mwenyewe.

"Angalia unapokanyaga, mdogo wangu," Kalekwa akasema. "Hapo panateleza."

Kisha msitu ukafunguka.

Sitayaeleza maporomoko. Waliofika wanajua, na wasiofika wataona picha. Nitasema tu kwamba maji yalianguka kutoka mahali pasipoonekana, na ukungu wake ukaja kutulaki, ukatulowesha nyuso kabla hatujakaribia. Niliuma jani la sale. Kalekwa alimfungua mtoto mgongoni, akambeba kifuani, akasogea mpaka ukingoni. Hakuwa tena yule mcheshi. Alisimama kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Akafumbua mdomo. Niliona midomo yake ikitamka, na sikusikia kitu.

Na pale pembeni, niliona jiwe.

Nililitambua. Msiniulize vipi, nilikuwa kichanga. Nilikitambua kishimo chake, pale kichwa kilipolazwa. Nikawa mdogo mara moja, mdogo sana, na kando ya jiwe, mgongo umenielekea, mwanamke mwenye kanga iliyolowa alikuwa anafunga fundo lake upya, na alikuwa karibu kugeuka. Karibu. Nilijua kwamba akigeuka ataniona, ana kwa ana, ataona kwamba niliishi. Kesho hatakuwepo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, nilijiambia, na langu lilikuwa limejaa.

Mama.

Nilitaka kusema hilo tu. Mama. Mtoto yeyote angesema.

Jani likaanguka. Mdomo ukafumbuka, na kilichotoka hakikuwa neno nililolikusudia. Kilitoka kirefu, baridi, kikipanda kutoka tumboni kama maji yanayopanda bombani, kwa sauti ya mwanamke mwenye hofu. Nilikihisi kikipita kwenye meno. Sikukisikia. Maporomoko yalikichukua palepale, katika mkondo uleule, karibu na miguu ya Kalekwa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafumba mdomo wake.

Mwanamke wa kanga hakugeuka. Palikuwa na ukungu.

Kalekwa alinigeukia. Alilitazama jani lililokuwa chini, akanitazama mdomo. "Mwanangu," akasema, nami nilisoma midomo yake tu, "umefanya nini?"

Tulishuka. Tulikimbia palipokimbilika. Kwenye kila kona umri wangu ulikuwa unanisubiri, nami niliuokota, mmoja baada ya mwingine: mkonge, daraja, ujane, magoti. Kalekwa hakuniita mdogo wake wala kaka. Hakuniita kitu chochote. Kando yetu mto ulishuka, haukuwa na haraka, na ulitutangulia vilevile.

Tulisikia vigelegele kabla ya kuiona nyumba. Mbonea alikuwa amesimama uani, amelowa mpaka kiunoni, kikombe chake kimeinuliwa juu, na wageni wametoka kwenye milango yote ile wakipiga makofi. Mama Namsifu peke yake hakupiga. Alikuwa ameona uso wangu.

"Limefika!" Mbonea alipiga kelele. "Mama Huyu, limefika! Safi kabisa! Lilikuja na jingine dogo ubavuni, sikulishika, nadhani ni mwangwi. Hili ndilo lililokaa." Akamchukua mtoto, akamwinua mbele ya watu wote, akamwita kwa jina.

"Naam!" nikasema.

Liliniponyoka. Sikuamua. Kitu kilichokuwa kimelala ndani yangu tangu nizaliwe kiligeuka kizima, kikatazama, kikaitika, kwa furaha kiasi kwamba nilitaka kupiga magoti. Kumbe ndivyo ilivyo. Kumbe ndivyo wanavyojisikia watu wote, kila siku, wakiitwa kula, wakiitwa kuteka maji, nao wanachukia kuitwa! Nilikuwa nimefika. Nilikuwepo. Mama yangu alinichagulia jina zuri.

Mbonea alinitazama, kicheko kimekwama usoni. Kalekwa alinitazama. Yeye alijua kwamba hilo silo jina alilolisema, na desturi ilikuwa imemfunga mdomo. Hakuweza kulitaja lake, wala kulikana lililoletwa. Alikuwa na macho tu. Nilielewa kwamba neno langu moja lingetosha. Ningesema, hilo ni langu. Lingenirudia, na wangenipa, watu wa kule ni waungwana. Na mtoto angebaki "huyu". Angekua, angeshuka bondeni, angepewa shati la mtu.

Hao hapo, anayeita na anayeitika. Nilikuwa na nguvu zote mkononi kwa mara ya kwanza, na sikuona raha yake.

"Nimemwitikia mtoto," nikasema. "Bado mdogo, hajui kuitika."

Wakacheka. Wakapiga vigelegele upya, mtu akanipiga begani, mgeni mzuri huyu, ana utani. Mbonea alicheka mpaka akatoa machozi. Akamwita mtoto tena ili nimwitikie tena, nikamwitikia, na safari hii niliisikia sauti yangu na ilikuwa ya mzee anayecheza na mjukuu.

Walipoingia ndani kula, nilimfuata Kalekwa bombani, alikokuwa ananawa tope. Nilikuwa nimelibeba jani la sale, lenye alama za meno yangu. Nikampa kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye alama zile. Kwa watu wake, jani hilo halikataliwi, na nilijichukia kwa kutumia kitu kisichokatalika.

"Nimelipokea," akasema. "Lakini langu je, mzee? Lile nililomwekea mwanangu tangu yumo tumboni?"

"Limeteremka."

"Najua limeteremka."

"Nitalifuata."

Hakuniambia nisiende. Mama Namsifu alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani la mgomba, na kile kikombe cha mlangoni akanipa kabisa. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mto una mikono mingi kule chini, na kwamba nikikinga, nikinge huku namngojea mtoto yule kwa moyo wangu wote. Nikijikumbuka mimi, hata kidogo, halitakaa. Hilo ndilo ninalolijaribu mpaka sasa. Ni gumu. Kila kikombe nikikiweka sikioni, kuna kona ya moyo inayosikiliza kwa ajili yangu.

Mtaniuliza, sasa unaitwa nani? Nililisikia waziwazi, nalikumbuka herufi kwa herufi, lakini sitaliandika hapa. Lina mwenyewe.

Nilikuwa nimefika penye migomba wakati nyuma yangu mlango ulipofunguliwa na Kalekwa, kwa mara ya kwanza, akalitamka jina lile kwa mdomo wake, kwa sauti ya mama anayemwita mwanawe akale. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Niliushika, nikauma midomo, nikaendelea kushuka.